Cheti Hakimsikilizi Mtoto

"Alinifanyia tabia mbaya." Keti katika mahakama yoyote ya Kenya siku inaposikilizwa kesi ya mtoto aliyenajisiwa, na hutakaa sana kabla ya kuyasikia maneno hayo matatu. Mtoto wa Kiandutu huyasema, wa Githurai huyasema, wa Kwale pia. Ndiyo maneno aliyopewa na watu wazima kwa jambo ambalo watu wazima hao hao walimkataza kulitaja. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mahakama zetu zimeyazoea mafumbo ya namna hii na huyapokea, kwa sababu mtoto ana haya, na msamiati wa daktari hana.

Mahakama imeshaelewa. Swali langu ni kuhusu wale wanaoyasikia maneno hayo kabla hayajafika kwa hakimu.

Tumchukue mtoto wa mfano, msichana wa Gredi ya 3 anayeishi kwenye ploti ya vyumba vya kukodi huko Kimbo, Ruiru. Mama yake huondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi. Jambo linapotokea, mtoto anamwambia mama jirani. Mama jirani anamwambia mama mzazi jioni, naye anamketisha mtoto aeleze upya. Asubuhi wanampitia mhudumu wa afya ya jamii, anauliza. Kituoni, afisa wa dawati la jinsia anauliza na kuandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Hospitalini tabibu anauliza huku akijaza fomu, kisha mshauri nasaha anauliza. Afisa wa watoto anauliza. Miezi baadaye mwendesha mashtaka anauliza. Mwisho ni hakimu, ambaye kwanza atataka kujua kama mtoto anaelewa maana ya kusema kweli.

Hesabu: masikio 9. Na mengi kati yake yana mkono unaoandika. Mhudumu wa afya ya jamii ameandika "ameguswa". Polisi ameandika "amenajisiwa". Tabibu ameandika kwa Kiingereza cha fomu, akiyageuza maneno ya mtoto kuwa istilahi za kidaktari. Hakuna hata mmoja aliyeandika "tabia mbaya". Siku ya kesi wakili wa mshtakiwa anasimama na karatasi hizo mkononi, anamwonyesha mtoto kwamba kituoni alisema hivi, hospitalini vile, na leo anasema lingine. Mtoto ananyamaza. Hakubadilisha neno hata moja. Waliobadilisha ni sisi, tuliolipwa kumsikiliza, na wengi wetu tuna vyeti vya mafunzo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Thika na Ruiru hazina njaa ya semina. Zina njaa ya kitu kinachofuata baada ya semina: mtu mwenye ujuzi zaidi anayekaa na mfanyakazi kila mwezi, wakasoma pamoja alichoandika, akamwonyesha alipoteleza.

Semina yenyewe unaijua. Ukumbi wa hoteli kando ya barabara kuu, viti vimevalishwa vitambaa, chupa ya maji mbele ya kila mtu. Siku ya kwanza ni kujitambulisha na kuandika "matarajio" kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani. Siku ya pili ni sheria. Siku ya tatu ni maswali, vyeti, picha ya pamoja, na foleni ya kutia sahihi nauli. Mimi si mtakatifu katika hili. Mwaka mmoja niliombwa kufunza "namna ya kuzungumza na mtoto aliyedhulumiwa" kwa dakika 45, kabla tu ya chakula cha mchana. Nilikubali. Nilionyesha slaidi, nikapigiwa makofi, na sikumwona hata mmoja wao akizungumza na mtoto. Kama kuna aliyejifunza siku hiyo, sina ushahidi.

Anayeidharau semina kabisa hakosi sababu, ila asimame hapo hapo kwanza, kwa sababu Thika ina historia inayotufunza vizuri zaidi. Mwaka 2003, hospitali tunayoiita leo Thika Level 5 ilikuwa hospitali ya wilaya. Pamoja na zile za Malindi na Rachuonyo, ilichaguliwa kuwa mahali pa kujaribia huduma kwa waliobakwa, kazi iliyofanywa na shirika la Liverpool VCT, ambalo sasa ni LVCT Health, likishirikiana na wizara ya afya. Walichokikuta ni aibu ya nchi nzima: sera hakuna, na mipaka ya kazi kati ya daktari na polisi haieleweki. Kuanzia mwanzo wa 2004 hadi mwisho wa 2007, hospitali hizo 3 zilihudumia watu 784, kwa gharama ya wastani wa dola 27 za Marekani kwa mtu. Asilimia 43 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15.

Somo la jaribio hilo halikuwa kwamba watu walifunzwa. Walifunzwa, ndiyo. Lakini pamoja na kufunzwa, mlolongo wenyewe ulipangwa: mgonjwa anaanzia wapi, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi anapewa na nani kabla saa 72 hazijapita, nani anampeleka kwa mshauri, karatasi gani inakwenda polisi. Mwongozo wa kitaifa wa kuwahudumia waliodhulumiwa kingono ulitoka 2004, ukarekebishwa 2009 na tena 2014. Kwa maneno mengine, wafanyakazi wa Thika walikuwa wakishika njia hii kwa mikono yao wakati sehemu kubwa ya nchi haijaanza kuizungumzia.

Ichukue fomu ya PRC (Post Rape Care) yenyewe, ile tabibu anayoijaza hospitalini, uisome polepole. Wengi huijua kwa sehemu ya kwanza, ya uchunguzi wa mwili na vielelezo vya maabara, kwa sababu ndiyo polisi wanayoitaka. Geuza ukurasa. Kuna sehemu ya pili, ya hali ya kiakili: sura na mwenendo wa aliyefika, hisia zake, usemi wake, mawazo yake. Kwa mtoto, fomu inaelekeza apewe nafasi ya kuchora au kucheza, aulizwe mchoro wake unahusu nini, aulizwe matamanio na ndoto zake, kisha yaliyojitokeza yaandikwe.

Huo ni uungwana wa hali ya juu katika karatasi ya serikali. Lakini ukurasa huo unahitaji mambo ambayo hayako kwenye karatasi: kalamu za rangi, chumba chenye mlango unaofungika, muda wa kutosha, na mtu anayejua kwamba mtoto akichora nyumba isiyo na mlango hujamaliza kazi, wala hujapata ushahidi. Unasema tu: "Niambie kuhusu picha hii." Kisha unanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Mfanyakazi mchanga huona kimya kinamchoma, basi anakijaza: "Huyu ni mjomba? Alikushika hapa?" Mtoto, aliyelelewa kumtii mkubwa, anaitikia. Tayari amelishwa maneno.

Watafiti wa mahojiano ya watoto wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na Marekani ililijua kwa gharama kubwa. Katika kesi ya shule ya chekechea ya McMartin, California, iliyoanza kwa tuhuma za 1983 na kuisha 1990, watoto walihojiwa kwa maswali ya kuwaelekeza mpaka hapakuwa na njia ya kutenganisha walichokiona na walichoambiwa. Hakuna aliyetiwa hatiani. Kama kulikuwa na mtoto aliyedhulumiwa kweli, hakupata haki yake. Na kama mshtakiwa hakuwa na hatia, alipoteza miaka.

Baada ya hapo mwanasaikolojia Michael Lamb na wenzake walitengeneza utaratibu wa mahojiano unaoegemea mialiko ya wazi: niambie ilivyokuwa, kisha ikawaje. Lakini uvumbuzi wao ninaoutaka hapa si maswali hayo. Mwaka 2002 walichapisha utafiti kuhusu wahojaji waliokuwa wakipata maoni ya mara kwa mara juu ya mahojiano yao, kisha maoni hayo yakasitishwa. Ubora ulishuka. Watu wale wale, wenye mafunzo yale yale, walirudia maswali ya kulisha maneno pale tu walipoachwa peke yao. Ujuzi wa kusikiliza, basi, haufanani na kuendesha baiskeli. Unafanana zaidi na kuimba katika kwaya: usipohudhuria mazoezi, sauti inapotoka na wewe mwenyewe husikii.

Upande wa tiba, ushahidi umetoka karibu na nyumbani. Mwaka 2020 lilichapishwa jaribio lililofanywa Bungoma, na Moshi nchini Tanzania, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na wenye dalili za kiwewe au za huzuni isiyoisha. Waliowatibu hawakuwa wanasaikolojia wenye shahada. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, wakapewa mafunzo ya tiba ya kuzungumza inayolenga kiwewe, na wakaendesha vikao vya kila wiki vya vikundi. Matokeo yalikuwa mazuri, hasa upande wa Kenya, mjini na vijijini. Watu hupenda kunukuu habari hiyo kusema kwamba kumbe yeyote anaweza. Husahau nusu ya pili: watu hao wa kawaida hawakuachwa. Walikuwa na wasimamizi wa hapo hapo waliokutana nao kila mara, nao wasimamizi walikuwa na walimu wao. Ukiondoa ngazi hiyo, hulifanyi tena jaribio lile, unalikumbuka tu.

Kwa nini nasisitiza Thika na Ruiru, na si Kenya nzima? Kwa sababu ya kasi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu 490,120. Thika nayo ilitoka 136,917 hadi 251,407. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa rasmi 2012, na mashamba ya kahawa yakawa ploti kabla ya mizizi kukauka. Nyumba zimeongezeka upesi kuliko jamaa. Mtoto wa ploti hana nyanya wa kukimbilia; ana jirani aliyehamia mwezi uliopita na mlinzi wa lango. Sikio la kwanza la mtoto huyu mara nyingi si la ukoo. Ni la mama mboga, la mwalimu, la mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale wapatao 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023. Hao ndio tunaowafunza mwisho, na kwa saa chache zaidi.

Na matatizo ya akili yanayofuata hayaji na jina lake. Mtoto wa miaka 8 hasemi "nina kiwewe". Anakojoa kitandani baada ya miaka mitatu ya kuacha. Analala darasani kwa sababu usiku hafumbi macho. Tumbo linamuuma kila Jumatatu. Anampiga mwenzake bila sababu inayoonekana. Mwalimu asiyefunzwa anaona utundu, na ingawa Katiba na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zinakataza viboko, anajua dawa moja tu ya utundu. Hali ikizidi, anayetafuta daktari wa magonjwa ya akili mara nyingi anapanda matatu kuelekea Nairobi: anaipita Juja, Ruiru, Githurai, mpaka Mathari, hospitali iliyoanzishwa 1910 ambayo jina lake bado hutumika mtaani kama tusi. Mzazi gani atampandisha mtoto wake hiyo matatu kwa moyo mweupe? Ndiyo maana huduma ya kwanza ya akili lazima ipatikane darasani na zahanatini, kwa mtu aliye karibu.

Takwimu zinatupa matumaini kidogo na wajibu mwingi. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kwamba wanawake vijana 32 kati ya 100, na wanaume 18 kati ya 100, walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Uliporudiwa 2019, idadi zilikuwa asilimia 15.6 na 6.4. Ni mafanikio, tusiyadharau. Lakini bado ni karibu msichana mmoja kati ya 6. Katika darasa la wasichana 30, hao ni 5, na mwalimu hawajui ni akina nani.

Kuna wanaodhani mafunzo haya ni hisani ya wafadhili. Mahakama zimeshasema vinginevyo. Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi, kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya wasichana walionajisiwa, walivunja haki zao za kikatiba. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba Tume ya Kuwaajiri Walimu na serikali zinawajibika pamoja na mwalimu aliyewadhulumu wanafunzi wake wawili, na akaamuru walipwe fidia. Maana yake ni nyepesi: afisa asiyejua kazi hii ni kosa la aliyemwajiri, si bahati mbaya ya mtoto.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo ina vifungu ambavyo kila kiungo cha mlolongo kinapaswa kuvijua kama njia ya nyumbani. Kifungu cha 31 kinaruhusu shahidi aliye hatarini kulindwa, pamoja na kusemewa kupitia mtu wa kati. Kifungu cha 40 kinaondoa uamuzi wa kusitisha kesi mikononi mwa familia na polisi. Uamuzi huo leo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wazee wakija na maneno ya "tumalizane nyumbani" na ahadi ya mbuzi, afisa wa dawati aliyefunzwa vizuri hahitaji kugombana nao. Anawaambia kwa heshima: "Wazee wangu, hata mimi sina uwezo huo." Sentensi hiyo hufanyiwa mazoezi kwa maigizo, mmoja akiwa mzee, mwingine afisa, mpaka itoke bila kutetemeka.

Basi tufanye nini? Kwanza, tufunze mlolongo, si kada. Leo polisi hufunzwa na polisi, wauguzi na wauguzi, walimu na walimu. Kila kada inarudi na lugha yake. Waite mhudumu wa afya ya jamii wa Kimbo, mwalimu, afisa wa dawati, tabibu wa hospitali ya Ruiru, afisa wa watoto na mwendesha mashtaka wa mahakama ya Ruiru, uwaketishe meza moja, na uwape kisa kimoja. Wakubaliane nani atauliza kwa kina na nani atauliza machache tu ya kazi yake. Tabibu anahitaji historia ili atibu, mahakama inahitaji ushahidi, hilo halikwepeki. Lakini hakuna sheria inayomtaka kila mmoja aanze mwanzo. Mwalimu anahitaji sentensi tatu: nimekusikia, si kosa lako, nitakupeleka kwa atakayesaidia. Asimwahidi mtoto siri, kwa kuwa hataweza kuitunza.

Pili, tukague kazi, si mahudhurio. Kamati ya watumiaji wa mahakama hukutana tayari. Kila mwezi, chini ya masharti ya usiri, zichukuliwe taarifa mbili zilizofutwa majina, zisomwe na msimamizi pamoja na waliofunzwa. Maswali mangapi yalikuwa ya wazi? Mangapi yalilisha maneno? Maneno ya mtoto yako wapi? Wasimamizi hawatoki mbali: Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, Mount Kenya kiko Thika penyewe, na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliweka bodi ya kuwasajili wataalamu. Mhadhiri mmoja, mchana mmoja kwa mwezi. Gharama yake haifiki hata kodi ya ukumbi wa ile semina.

Tatu, uhamisho. Afisa wa dawati anapoanza kuiva, barua inafika: aripoti kaunti nyingine. Uhamisho hautaisha, lakini unaweza kuwekewa sharti la wiki mbili za kukaa pamoja na anayechukua nafasi, kesi kwa kesi. Bila hilo tunajaza maji kwenye pakacha.

Nne, tumtunze anayesikiliza. Anayekaa na visa hivi kila siku huanza kuota ndoto zisizo zake. Anakuwa mkali kwa watoto wake mwenyewe, au anapoa kabisa akaandika taarifa kama anayeandika risiti. Wataalamu wameueleza uchovu huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, nasi bado tunauita ukomavu. Kikao cha usimamizi ndicho mahali pekee ambapo afisa anaweza kusema "kile kisa cha Jumanne kimenikaa" bila kuonekana dhaifu. Na mfanyakazi aliyepoa ni hatari kwa mtoto kama yule asiyefunzwa kabisa, kwa sababu mtoto huisoma sura kabla ya kusikia swali.

Nitaambiwa hakuna watu, hakuna pesa. Hakika hawatoshi. Lakini hilo ndilo linalonifanya nione upotevu wa semina ni dhambi kubwa zaidi: wachache tulio nao tunawapa cheti, tunawaacha peke yao, kisha tunashangaa.

Ningependa kipimo kiwe kidogo kiasi kwamba yeyote anaweza kukikagua. Tabibu wa zamu ya usiku, Ruiru, amechoka, fomu ya Kiingereza iko mbele yake. Mtoto anasema maneno yake matatu. Tabibu anayaandika kama yalivyo, kwa Kiswahili, ndani ya alama za kunukuu, na baada ya hapo ndipo anaendelea na Kiingereza chake. Mwezi unaofuata msimamizi anasoma, anaweka kidole juu ya mstari huo na kumwambia: hapa ulifanya vema, hapa chini ulimwongoza. Mwaka mmoja baadaye wakili anasimama na karatasi zake mahakamani Ruiru, anatafuta mahali mtoto alipojipinga, na katika kila karatasi anakuta "alinifanyia tabia mbaya".